Shajara ya banda: kuku wangu wa kwanza kwenye theluji

Kabla ya kifaranga hata mmoja

Naanza kuandika leo kwa sababu kila nilipotafuta maelezo ya ufugaji kwa Kiswahili nimekuta ya sehemu za joto, kivuli, kuwapoza kuku, maji yasichemke kwa jua, na mimi tatizo langu ni kinyume kabisa, huku theluji inakaa miezi na usiku wa baridi kali unafika digrii 20 na zaidi chini ya sifuri. Nikasema basi ntaandika mwenyewe kila hatua, nikikosea nitaandika pia, anayekuja nyuma yangu asirudie.

Banda limekamilika jana. Mita mbili kwa mbili, ndani kuku nane wanaenea kila mmoja na nusu mita ya mraba hivi. Mume wangu alitaka kubwa zaidi ila nikakataa, banda kubwa lenye kuku wachache halipati joto la miili yao hata kidogo. Uzio wa nje ndio tumeupanua. Fito ya kulalia tumeweka moja ndefu ya mita mbili, na hii sikuijua kabla: ubao wenyewe uwe bapa, upana sentimita 9, sio mti wa mviringo, ili kuku akikaa tumbo lake lifunike vidole vyote. Akishika mti mwembamba vidole vinabaki nje vinapigwa baridi usiku kucha.

Kilichotugombanisha ni matundu ya hewa. Kuna mama mmoja mzee kafuga kuku huku maisha yake yote, alikuja kuangalia banda akaniuliza, mwanangu, hewa inatokea wapi? Nikamuonyesha dirisha. Akasema hapana, juu, chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, na usizibe hata siku ya baridi gani. Tukatoboa, tukaweka wavu wa chuma. Kusema kweli moyoni sikukubali. Nimejenga kuta mbili zenye kinga ya baridi katikati alafu natoboa juu?

Wiki ya 1

Wamefika! Nane, wana siku mbili. Kifaranga akitotolewa anakuwa amebakiwa na kiini cha yai tumboni ambacho kinamtosha siku mbili tatu bila kula, ndio maana wanaweza kusafirishwa wakafika wazima. Ila wakifika maji kwanza, kila mmoja nimemchovya mdomo taratibu mpaka nikaona amemeza.

Mbegu nilichagua kwa upanga, ile nyama nyekundu ya juu ya kichwa cha kuku. Nisieleweke vibaya, kuku wa baridi anachaguliwa kwanza kwa kichwa chake, upanga mdogo uliolala na ndevu fupi (nyama zinazoning'inia chini ya mdomo), maana pale hamna manyoya ya kukinga. Kwa hiyo nina Chantecler wawili, hii mbegu ilitengenezwa Quebec huko Kanada na mtawa mmoja, Wilfrid Châtelain, mwanzoni mwa karne ya 20, alitaka kuku anayevumilia baridi ya kule, na upanga wao ni kama kifungo tu kichwani. Wyandotte wawili, upanga bapa uliolala. Plymouth Rock watatu, upanga wa kusimama ila miili mikubwa yenye manyoya mengi. Wa nane ni Leghorn mweupe, asili yake Italia, na huyu kila mtu alinikataza, upanga wao ni mkubwa unaning'inia, ila ndio watagaji hodari na mwanangu aliona picha yake akampenda. Ameshampa jina, Pamba.

Bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwenye joto, ni boksi kubwa, chini maranda ya mbao, siku tatu za kwanza nimetandika na karatasi za jikoni juu yake ili wasile maranda. Magazeti usiweke, yanateleza, kifaranga anapanuka miguu. Joto digrii 35 chini ya pleti ya joto. Taa ya joto tumeiacha kabisa, zimeshaunguza mabanda mengi na nyumba pia, ikidondoka kwenye maranda makavu ni dakika tu. Na themomita ni nzuri ila wenyewe wanasema: wakirundikana wanapiga kelele wana baridi, wakikimbilia kona za mbali wanahema mdomo wazi wamechemka, wakitawanyika wanalia kidogo kidogo kama wanapiga stori, sawa.

Siku ya nne tumepoteza Wyandotte mmoja. Alikuwa amezibwa nyuma na kinyesi kilichokauka, nilimwona asubuhi nikamsafisha na maji ya vuguvugu na pamba lakini alishalegea, mchana akaenda. Imeniuma sana. Sasa hivi nawakagua nyuma asubuhi na jioni wote.

Wiki ya 2 mpaka ya 5

Kila wiki napunguza digrii 3 hivi, kwa kuinua pleti. Vumbi lao ni la ajabu, kila kitu chumbani kina unga mweupe. Manyoya ya mabawa yametoka kwanza, afu mkia, shingo mwisho. Wanaruka. Nimeweka kijiti wajifunze kulala juu.

Wiki ya 5 kinyesi kikawa na damu, wawili wakajikunyata manyoya wima. Kuhara damu. Dawa ni amprolium ndani ya maji, niliwapa kama maelekezo ya pakiti yalivyosema, nikatoa maranda yote nikaweka makavu, maana vile vijidudu vinakomaa kwenye unyevu. Walipona wote. Nauandika huu unyevu hapa maana utarudi mbele.

Wiki ya 7

Wamehamia bandani. Usiku bado unashuka mpaka digrii 5 lakini wana manyoya kamili. Nimewafungia ndani siku tano bila kutoka ili wajue hapa ndio kwao, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila kamba yangu ni mlango tu. Siku ya sita nikafungua, jioni walirudi wenyewe wote saba bila kufukuzwa hata mmoja, nilikaa pale kwenye ndoo nikawatazama wanapanda mpaka giza.

Wiki ya 10

Nyayo za kicheche kwenye tope kando ya uzio. Yule anapita kwenye tundu ambalo kidole gumba kinapita, na waya wa kuku wa kawaida wenye matundu ya pembe sita unamzuia kuku kutoka, haumzuii adui kuingia, rakuni, mnyama wa porini wa huku, anauchana kwa mikono. Tumebadilisha wote tumeweka wavu wa chuma uliochomelewa wa matundu ya milimita 13, na chini tumeulaza kwenda nje sentimita 40 tukaufukia, mchimbaji akianza kuchimba anakutana na wavu anakata tamaa. Wikiendi nzima mikono imechanika. Komeo la mlango nalo tumeweka la kubana na la kufunga, mawili.

Wiki ya 13

Mmoja wa Plymouth Rock amewika. Kapteni. Tunabaki naye, majike sita wako sawa kwa jogoo mmoja na sauti yake haimsumbui mtu huku.

Wiki ya 20

YAI. Pamba, nani mwingine. Jeupe, dogo, lina damu kidogo juu ya gamba, kawaida kwa la kwanza. Alitetea nusu saa mpaka Kapteni akaja kumsaidia kupiga kelele. Nimewahamisha kwenye chakula cha kutagia, na magamba ya chaza yaliyosagwa nimeweka kwenye kibakuli chake peke yake, kila mmoja anachukua anavyohitaji, jogoo hayahitaji yale. Na changarawe ndogo za firigisi, hasa sababu theluji ikifunika ardhi hawataokota tena mawe wenyewe.

Wiki ya 27, maandalizi

Majani yameisha mitini. Wote sita wanataga, siku nzuri mayai matano.

Tulichofanya wiki hii. Maranda ndani nimeongeza mpaka sentimita 20, na sitoi mpaka baridi iishe, nitakuwa nageuza na kuongeza makavu juu, chini yanaoza taratibu yanatoa joto kidogo, ila hii inafanya kazi kama ni makavu tu, yakilowa yananuka na umeshindwa. Uzio wa nje tumezungushia nailoni nzito upande wa upepo, chini tu, juu wazi. Nusu ya uzio tumeezeka kabisa wapate sehemu isiyo na theluji. Kwenye beseni nimewawekea udongo mkavu na majivu ya kuoga vumbi, ardhi ikiganda hawana pa kuoga na utitiri unapenda kuku wasiooga. Chakula nimenunua cha kutosha nikaweka kwenye pipa la bati, panya hawatoboi.

Hita ya banda? Hatuweki. Mwili wa kuku uko kwenye digrii 41 hivi na amevaa koti la manyoya, akijivimbisha anakamata hewa katikati ya manyoya na hiyo hewa ndio blanketi lake. Ukimzoesha hita afu umeme ukakatika usiku wa digrii 25 chini ya sifuri, hapo ndio anakufa.

Wiki ya 29

Theluji ya kwanza, sentimita 15. Nimefungua mlango, Kapteni akatoa kichwa, akatoa mguu mmoja, akaurudisha. Hakuna aliyetoka mpaka saa saba mchana nilipofyeka njia na koleo na kumwaga nyasi kavu juu yake, hapo wakaja mmoja mmoja wanafuata nyasi, hawakanyagi pembeni hata kidogo. Kwa hiyo kila theluji ni koleo na nyasi, nimeshaelewa.

Yule Wyandotte wetu mmoja, Shanga, anakaa mlangoni anatazama tu, naye ana haki.

Wiki ya 34

Hii ndio sehemu iliyonifanya nianzishe hii shajara bila kujua, kwa hiyo nitaielezea yote.

Utabiri ulisema digrii 26 chini ya sifuri usiku. Jioni nimeingia bandani, upepo unavuma, nimewaona wamebanana kwenye fito, nikanyoosha mkono juu kwenye yale matundu nikasikia baridi inaingia, moyo ukashindwa. Nikachukua magunia nikaziba yote mawili. Nikafunga mlango vizuri nikaenda kulala na amani kabisa, nikijua nimewafunika wanangu.

Asubuhi nafungua mlango harufu ikanipiga machoni, ile ya mkojo, amonia, machozi yakatoka. Dari lote lina barafu nyeupe ya unga kama ndani ya friza, kuta zinang'aa maji, maranda ya juu yamelowa. Themomita ya ndani inasoma 11 chini ya sifuri, yaani kulikuwa na joto zaidi ya nje kwa digrii 15! Ukiangalia themomita peke yake ungesema nimefanya vizuri. Lakini Pamba ncha za upanga zimekuwa za kijivu, ngumu kama plastiki. Kapteni ncha tatu, na chini ya ndevu, zile anachovya kwenye maji akinywa. Wale Chantecler, Bibi na Nana, hawana hata doa.

Nimekaa kwenye theluji nikalia, siongezi chumvi.

Kilichotokea ni hiki. Kuku saba wanapumua usiku kucha, na kila pumzi ina maji. Kinyesi nacho ni maji sehemu kubwa, na kuku hakojoi pembeni, vyote vinatoka pamoja, na wakiwa kwenye fito wanaachia usiku mzima. Hayo maji yote yanapanda na hewa ya moto. Tundu likiwa wazi juu yanatoka. Nikiziba yanagonga dari yanaganda, mengine yanatua kwenye upanga, na upanga uliolowa unaganda upesi kuliko ulio mkavu hata kama baridi ni ndogo. Kuku mkavu kwenye baridi kali analala vizuri. Kuku aliyelowa kwenye baridi ya kawaida anaungua kwa baridi hiyo. Mimi niliwapa digrii nikawanyima ukavu.

Nimezibua saa ileile. Nimetoa maranda yaliyolowa, nimekwangua barafu ya dari kabla haijayeyuka ikawadondokea. Nimemwita yule mama mzee, akaja na buti zake, akatazama, hakunisema hata neno moja, akaniambia tu: usiusugue, usiupulizie mashine ya nywele, uache. Ukisugua nyama iliyoganda unaichana ndani, na joto la ghafla linaongeza kidonda. Na ncha zikija kuwa nyeusi zisikatwe, zinakinga nyama hai ya chini mpaka zidondoke zenyewe. Pamba nimemweka chumba cha kuhifadhia vitu, hakina hita ila hakigandi, siku mbili, kwenye boksi, apate kupona taratibu.

Wiki ya 34, siku tano baadae

Nimenunua haigromita, kifaa cha kupima unyevu wa hewa. Matundu yakiwa wazi, usiku wa digrii 22 chini ya sifuri nje, ndani ilikuwa 19. Tofauti digrii 3 tu! Unyevu ndani asilimia 66. Asubuhi dari kavu, hamna harufu, kuku wanashuka wanajikung'uta wanakuja kula. Kipimo changu sasa hivi sio themomita tena. Naingia asubuhi, nanusa, natazama kioo cha dirisha, kikiwa na matone najua hewa haitoshi. Pia nimekaa kwenye ngazi nikaweka uso usawa wa fito, kupima kama upepo unawapiga, maana matundu yawe juu ya vichwa vyao, hewa itoke juu yao na sio kupita kwenye migongo. Iko sawa. Hata mshumaa nimewasha pale (nimeushika mkononi muda wote), moto ulisimama wima bila kuyumba.

Wiki ya 37

Maji ndio kazi kubwa ya kila siku, kuliko chakula. Kuku anayetaga anakunywa robo lita hivi kwa siku na akikosa maji hali chakula, na asipokula hawezi kutengeneza joto, kwa hiyo maji yakiganda kuku anapata baridi kutoka ndani. Nilijaribu mabeseni mawili ya mpira mweusi nabadilishana, la barafu unalipindua unalikanyaga barafu inatoka nzima, mpira haupasuki kama plastiki, lakini baada ya saa mbili tu maji yameganda tena. Tumeweka kitako cha umeme cha kupasha joto chini ya chombo cha chuma, na maji yakae nje ya chumba cha kulala, sio bandani, unyevu tena. Chombo nimechagua chenye mdomo mwembamba Kapteni asizamishe ndevu.

Jioni saa moja kabla ya giza nawamwagia mahindi yaliyovunjwa kidogo, wanalala na gole (mfuko wa chakula shingoni) limejaa, usagaji wa chakula usiku unawapa joto. Kidogo lakini, yakizidi wanaacha chakula chao chenye protini.

Mayai naokota mara tatu. La saa sita nikichelewa mpaka saa kumi nakuta limepasuka katikati, ute ukiganda unatanuka unavunja gamba.

Wiki ya 39

Mayai yameshuka mpaka mawili kwa siku, na Pamba ameacha kabisa toka lile tukio. Kuku anahitaji mwanga wa saa 14 hivi kutaga vizuri na huku sasa hivi siku ina saa 9. Mume wangu anataka tuweke taa na taima, iwake alfajiri, na ni njia nzuri, alfajiri sio jioni kwa sababu taa ikizima ghafla jioni inawaacha sakafuni gizani hawaoni fito. Mimi nimeomba mwaka huu tuwaache. Mwili wa Pamba una jeraha, na wote wanakula kwa ajili ya joto, sitaki niwadai na yai pia. Tumekubaliana hivyo.

Ncha za upanga wake nne zimekuwa nyeusi kabisa.

Wiki ya 42

Siku sita mfululizo dhoruba, hawakutoka. Wakaanza kudonoana, Shanga amenyonyolewa mgongo mpaka ngozi. Nimening'iniza kabichi nzima kwa kamba usawa wa vichwa vyao wanarukia, nimewawekea magogo mawili ya kupanda, na nafaka nazitupa ndani ya maranda wazitafute, kuparua kwao kunageuza maranda badala yangu. Shanga nimempaka dawa ya jeraha nikamtenga siku tatu akiwa anaonana na wenzake kupitia wavu, ukimtoa kabisa akirudi wanamwona mgeni wanaanza upya.

Usiku wa mwisho wa dhoruba ulikuwa 29 chini ya sifuri, baridi kuliko zote. Matundu wazi. Nililala vibaya, saa tisa usiku nimeamka nikaenda na tochi. Saba wamejaa kama mipira, vichwa ndani ya mabawa, nikamgusa Nana chini ya bawa, moto wa kuunguza mkono.

Wiki ya 47

Paa linadondosha maji kutwa. Tope ni kubwa, nimemwaga vipande vya mti nje wasikanyage maji. Nimefukua maranda yote ya bandani, chini ni meusi yananukia msitu, nimeyarundika yapoe kwanza kabla ya kuyapeleka bustanini maana mabichi yanaunguza mimea.

Ncha nyeusi za Pamba zimedondoka, tatu nimeziokota kwenye maranda. Upanga wake sasa ni mfupi, umekuwa mviringo, umepona. Kapteni naye hivyohivyo.

Jana asubuhi ardhi ilionekana kwa mara ya kwanza, kipande kama mkeka mbele ya mlango. Walitoka wote wakakiparua mpaka kikawa shimo. Saa tano nikasikia kutetea, sauti ninayoijua, nikakimbia. Jeupe, bado la moto.

Matundu ya juu yako wazi. Kesho naongeza la tatu upande wa mashariki.